Ombi Rasmi la Kushindwa na Wexley

Karsten, Iowa
Alhamisi, juma la mwisho la msimu

Kwa Bi. Roberta Lindqvist,
Mkurugenzi wa Michezo,
Chuo Kikuu cha Karsten.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUSHINDWA JUMAMOSI HII, KWA HESHIMA

Nakuandikia nikiwa mkazi wa mji huu kwa miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu wa sarufi, mwenye tiketi ya msimu ya kiti namba kumi na mbili, na baba mkwe wa mmoja wa wafanyakazi wako. Utanikumbuka. Mwaka 1988 ulikaa dawati la pili karibu na dirisha, na kwa muhula mzima hukuweza kutofautisha "kua" na "kuwa". Siandiki hili kwa kinyongo. Nitalihitaji baadaye.

Mkwe wangu ni Wendell Kucera, kocha msaidizi katika mchezo ambao taifa letu limeuita mpira wa miguu ilhali unachezwa kwa mikono. Kosa hilo ni la zamani na sitalirekebisha leo. Wendell anafundisha wachezaji wa pembeni, wale vijana wakubwa kama makabati ambao nusu ya kazi yao ni kusukuma watu na nusu ni kudaka mpira. Amemwoa binti yangu Corinne, na wana mtoto mmoja, Opal, mwenye umri wa miaka tisa. Mpaka leo timu imeshinda michezo sita na kushindwa mitano. Jumamosi mnacheza mchezo wa mwisho na Wexley, hapa nyumbani. Naomba mshindwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Cheo. Wendell alikuja kwenu akiwa Kocha Msaidizi. Miezi michache baadaye mkamfanya Kocha Msaidizi Mwandamizi. Agosti iliyopita mkamwita Mratibu Mwenza wa Mashambulizi. Nimeuliza mwenzake ni nani, nikaambiwa hayupo. "Mwenza" ni neno linalohitaji watu wawili; mtu hawezi kuwa mwenza peke yake, kama asivyoweza kuwa pacha peke yake. Nilimwuliza mwenyewe tukiwa mezani.

"Mzee, usiumize kichwa," alisema huku akijipakulia viazi. "Hicho ni cheo cha mlangoni tu."

Nilikwenda kuuangalia mlango. Kinasomeka vizuri. Ndani kuna kiti kimoja.

2. Kuhama. Kwa miaka kumi na mmoja familia hii imeishi katika nyumba saba. Kanuni, kama nilivyoielewa, ni hii: timu ikishindwa, kocha mkuu hufukuzwa na wasaidizi wake wote huondoka naye, kama viambishi vinavyoufuata mzizi. Timu ikishinda, chuo kikubwa zaidi huwachukua. Idaho walishindwa, wakahama. Ohio walishinda, wakahama. Alabama hawakupata nafasi ya kushinda wala kushindwa, maana kocha mkuu alipata kazi kwingine siku ya kumi na tisa, kabla godoro la pili halijashushwa kwenye lori. Mimi nimeishi katika nyumba moja kwa miaka arobaini na mmoja na sijawahi kumiliki boksi la kuhamia. Corinne analo moja ambalo halijafunguliwa tangu Idaho. Juu yake pameandikwa "Jikoni labda", bila alama yoyote ya uandishi. Nilimwuliza lina nini ndani.

"Baba, hata sijui, na sasa naogopa kulifungua," alisema. "Huenda mna chakula."

3. Lugha. Sehemu kubwa ya kazi ya kocha msaidizi si kufundisha. Ni kuwabembeleza vijana wa miaka kumi na saba wajiunge na chuo, na kula chakula cha mama zao bila kuacha kitu kwenye sahani. Katika hilo la pili Wendell hana mpinzani. Katika la kwanza, nimeona kwa macho yangu ujumbe alioutuma kwa kijana mmoja wa Nebraska: "2nakuhitaji xana". Mtu huyu ana shahada ya chuo, na amemwoa binti wa mwalimu wa sarufi. Nilipomkemea alisema, "Nikiandika kama wewe, Mzee, watadhani wanaitwa mahakamani."

4. Mtoto. Opal amesoma katika shule tano. Kwa kuwa kila jimbo lina mpangilio wake, amefundishwa volkano mara tatu na alama ya mkato hajafundishwa hata mara moja. Alipofika hapa aliniandikia barua ya shukrani ya kurasa mbili yenye sentensi moja. Tangu hapo huja kwangu kila Jumanne na Alhamisi, tunakaa mezani jikoni, anakula biskuti na mimi ninasahihisha. Tumemaliza nukta. Tumemaliza mkato. Sasa tumefika kwenye nukta mkato, ambayo ni mahali pa hatari. Watu wazima wengi, wakiwamo wakurugenzi, hawajawahi kupita hapo salama. Bado hatujagusa alama za mtajo.

Juma lililopita mwalimu wake aliwauliza watoto darasani nyumbani kwao ni wapi. Wenzake walitaja mitaa. Opal alisema, "Inategemea Jumamosi."

Darasa lilicheka. Mwalimu alinipigia simu. Yeye hakucheka, wala mimi sikucheka.

5. Mji. Ninapata kifungua kinywa katika mkahawa wa Lurleen, ambamo kila mwenye uma ni kocha. Jumatatu niliketi, na kabla sijavua kofia Lurleen akaniambia, "Mwalimu, mkwe wako akishindwa Jumamosi tunamfukuza. Akishinda, anatukimbia. Kahawa?"

"Afadhali akimbie," alisema fundi bomba anayeitwa Merle, aliyekuwa na yai kwenye ndevu. "Wale watoto wake wa pembeni wanadaka mpira kama wanapokea mtoto mchanga aliyejichafua."

Nilimwambia Merle kwamba tamathali yake ina kasoro, kwa kuwa mtoto wa namna hiyo hushikwa kwa uangalifu mkubwa. Mkahawa mzima ulikuwa upande wake. Huwa siwajibu mara mbili watu wenye mayai usoni.

6. Mabango ya Wexley. Hili nitalieleza kwa ufupi kwa kuwa linaniumiza. Unajua kwamba uwanjani kelele ni nyingi, na makocha hawawezi kuwapigia wachezaji wao kelele wakasikika. Kwa hiyo huinua mabango matatu kwa pamoja, kila moja na picha na neno lake. Moja hubeba agizo la kweli. Mawili ni ya kuwadanganya wapinzani. Nimeitazama Wexley kwenye televisheni tangu Oktoba. Katika kila mabango matatu, moja limekosewa tahajia. "Farassi." "Nyukki." "Maindi." Chuo hicho kinatoa shahada. Naomba bodi yenu iwaandikie.

7. Ombi lenyewe. Chuo kimoja cha Texas kimempigia Wendell simu. Mimi sikuambiwa na Wendell wala na Corinne. Niliambiwa na Opal, Jumanne, huku akichovya biskuti kwenye maziwa. "Babu," alisema, "Texas wanataka saba."

Maana yake ni michezo saba ya kushinda. Mnayo sita. Mkiishinda Wexley, Wendell ataondoka, na mwezi Januari mtoto atafundishwa volkano kwa mara ya nne. Kwa upande mwingine, chama cha wahitimu kimetangaza kwamba timu ikipata pungufu ya sita, kocha mkuu na watu wake wote watatimuliwa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ipo namba moja tu iliyo salama. Kwa sita hakuna anayefukuzwa, na kwa sita hakuna anayetamaniwa. Naomba mshinde sita na kushindwa sita, mwaka huu na kila mwaka, hadi Opal atakapomaliza kidato cha mwisho. Ni misimu tisa tu.

Sitaki aibu. Mnaweza kushindwa kwa pointi moja, mvua ikinyesha, na lawama zikamwangukia mwamuzi, ambaye kwa kazi yake amekwisha kuzizoea. Nimesikia hotuba zako ukisema kwamba timu lazima ikue. Hapa ndipo ninapokurudisha kwenye dawati la pili. Timu hii haihitaji kukua. Inahitaji kuwa.

Nisalimie mumeo, mama yako ambaye alikuwa akiniletea mkate wa maboga kila mwisho wa muhula ili nikuonee huruma, yule mpiga ngoma kubwa wa bendi ambaye hajawahi kuupata mdundo, na mwamuzi yeyote atakayepangwa.

Ni mimi, ninayekutakia kushindwa kwa amani,

Orville Teagarden
Mwalimu Mstaafu

Tanbihi, Jumapili asubuhi. Barua hii haikutumwa Alhamisi kwa sababu sikuwa na stempu. Ninaiongezea haya kwa kuwa sipendi kutuma maelezo yenye upungufu.

Katika kipengele cha sita sikusema yote. Nilikuwa ninajua tangu Oktoba kwamba bango lililokosewa ndilo la kweli. Yale ya kudanganya ni ya zamani, yamechapwa dukani na mtu aliyekwenda shule. La kweli huandikwa upya kila juma kwa mkono wa kocha wao. Wendell, kama mimi, alijua kwamba "Maindi" maana yake ni walinzi wote kukimbilia mbele na kuacha pembeni wazi; asichojua ni lini bango hilo lilikuwa la kweli. Nilinyamaza juma baada ya juma, na nilikusudia kuendelea kunyamaza.

Jana, dakika mbili zikiwa zimebaki, sisi tukiwa na mpira na tukiwa nyuma kwa pointi tatu, Wexley waliinua "Ndovu", "Ngano" na "Maindi". Mbele ya watu elfu kumi na mbili, wengine wao watoto. Miguu yangu ilishuka ngazi bila idhini yangu hadi kwenye uzio.

"Mzee, rudi ukakae," Wendell alisema.

"Nitakaa ukinijibu. Mahindi huandikwaje?"

Aliniangalia, akaliangalia bango, kisha akasema maneno machache kwenye kipaza sauti chake. Kijana wake wa pembeni alisimama peke yake kama nukta mwishoni mwa mstari, akaudaka mpira, akatembea nao hadi mwisho wa uwanja. Tulishinda ishirini na nne kwa ishirini. Nimearifiwa kwamba nilimkumbatia Merle.

Texas walipiga simu kabla bendi haijaweka vyombo chini. "Baba, wewe ndiye umetuhamisha," Corinne alisema. Nilimjibu kwamba ni tahajia iliyowahamisha, na mimi nilikuwa jirani tu.

Jana hiyohiyo jioni Opal alichukua kalamu akalirekebisha lile boksi la Idaho. Sasa linasomeka: "Jikoni; labda". Si sahihi. Palihitaji mkato tu. Nimelitazama kwa muda mrefu, na ni dhahiri kwamba somo la nukta mkato halijakwisha, na kwamba haliwezi kukabidhiwa kwa mtu yeyote wa Texas.

Kwa hiyo ninafuta kipengele cha kwanza hadi cha saba. Kiti namba kumi na mbili mpeni mtu anayejua kusoma. Naomba pia maboksi sita ya vitu vyangu kutoka stoo yenu, yaliyo imara. Juu yake nitaandika mwenyewe.