Udaga wa Mwamba Namba Saba

Ilitangazwa kwa gari la vipaza sauti, Musoma asubuhi, Butiama mchana na Bunda jioni, kwamba kuanzia siku hiyo udaga uko chini ya ulinzi wa sheria. Wananchi waliombwa kuwa watulivu. Watu wa Bunda, waliotangaziwa mwisho wakati betri imeshachoka, walitaka kujua udaga umefanya kosa gani.

Haukuwa umefanya kosa. Ulikuwa umepata bahati, na bahati yenyewe iliitwa Renatus Wambura, Katibu wa Ofisi ya Kulinda Asili ya Vyakula, mtu wa suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kutia sahihi. Alikuwa ametoka semina, ambako aliambiwa kwamba huko Ulaya kuna jibini ambayo ikitengenezwa ng'ambo ya mto hairuhusiwi kujiita jina lake. Jambo hilo lilimgusa sana.

"Kama maziwa yaliyoganda yana kwao," alimwambia dereva wake Faustine, "udaga utakosaje kwao?"

"Unako kwao, bosi. Kwa mama yangu."

"Huo si mpaka wa kijiografia, Faustine."

Udaga, kwa asiyeujua, ni muhogo uliomenywa, ukarundikwa na kufunikwa mpaka ukaota ukungu, kisha ukakwanguliwa, ukaanikwa juu ya mwamba na kusagwa. Ugali wake ni mweusi na una harufu ambayo mgeni huiulizia na mwenyeji huililia. Renatus mwenyewe aliula kila siku. Mkewe, Helena, aliupata kwa mama yake huko Kiriba, na katika miaka yote ya ndoa Renatus hakuwahi kuuliza umeanikwa wapi. Aliuliza tu kwa nini sahani ni ndogo.

Kanuni aliziandika peke yake, ili watu wasiziharibu. Udaga wenye asili ni ule ulioanikwa juu ya mwamba bapa, usiolaliwa na mbuzi, unaopigwa na upepo wa ziwani moja kwa moja, na ambao mama na bibi wa mwenye mwamba waliutumia kabla yake. Ambao haujaanikwa hivyo usiitwe udaga sokoni. Ili kuzuia upendeleo, miamba itatajwa kwa namba, na jina la mwenye mwamba halitajulikana mpaka siku ya uzinduzi. Ili kuzuia udanganyifu, Mwonjaji Mkuu atakula ugali huo hadharani, uso kwa uso na mama aliyeuandaa, mpaka tonge la mwisho. Neno lake halikatiwi rufaa. Kanuni ya mwisho ilikataza kubadilisha kanuni.

Mwonjaji Mkuu alikuwa Renatus. Mchujo ulikuwa mkali. Aliyemkaribia alikuwa Faustine, akaondolewa kwa sababu anakula haraka.

Mtu wa kwanza kulindwa alikuwa Rhobi, mpishi wa pale sokoni Musoma, ambaye ubao wake uliandikwa UGALI WA UDAGA NA FURU, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Mama, futa hilo neno," Renatus alimwambia.

"Lipi, baba? Furu?"

"Udaga. Kisheria, unachouza ni bidhaa ya muhogo iliyochachuka isiyo na asili."

"Hiyo haienei ubaoni. Na mteja akisoma kwamba chakula hakina asili, si ataniletea polisi? Mimi nilikuwaga nauza udaga toka mwanangu Nyamhanga ananyonya. Saa hizi ananyoa ndevu."

"Subiri uzinduzi. Udaga wenye asili ukishapatikana, utauza huo."

"Njaa inasubirigaga uzinduzi?"

Rhobi alifuta, akaandika UGALI ULE ULE. Kesho yake Renatus alirudi na kueleza kwa upole kwamba maneno "ule ule" yanadai historia. Rhobi akafuta tena, ikabaki UGALI. Hapo wateja wakaanza kupita bila kugeuka, wakidhani amehamia kwenye sembe kama kila mtu. Kabla ya wiki kuisha alikuwa anapika sufuria moja badala ya tatu, na hiyo moja anaimalizia nyumbani.

"Mnanilinda mpaka nakonda," alimwambia Faustine.

Wakati huohuo Ofisi ilikuwa kazini. Huko Guta, Bunda, walionyeshwa mwamba mkubwa kama uwanja wa harusi, lakini juu yake alilala beberu, na alipoombwa kupisha ukaguzi alikataa. Butiama mwamba ulikuwa safi, bibi alikuwepo, mbuzi hawakuwepo, ila upepo ulitoka upande wa nchi kavu.

"Subiri mchana tu, mkubwa," mzee Bernado, mwenyeji wao, alisihi. "Utageuka. Kila siku unageukaga."

"Ofisi haisubiri upepo, mzee wangu. Upepo ndio unaosubiri Ofisi."

Upepo uligeuka walipokuwa wanawasha gari.

Mwishowe Faustine alitumwa peke yake Kiriba, akarudi anacheka. "Mwamba Namba Saba, bosi. Una kila kitu. Mama ameanika hapo, na mama yake, na bibi yake. Mbuzi anafungwa. Upepo wa ziwa unakupiga usoni mpaka machozi. Na mwenye mwamba, hutaamini, kumbe ni..."

"Funga mdomo!" Renatus alipiga kelele. "Upendeleo huanza na jina!"

Faustine akafunga mdomo. Alikuwa mtumishi mtiifu, na siku ile utii ulimfurahisha kuliko kawaida.

Siku ya uzinduzi, msafara uliingia Kiriba kwa njia ya ziwani. Mahema yalishafungwa, kwaya ya Nyegina ilishaimba vya kutosha, na Mgeni Rasmi, mtu wa kutoka mbali sana na Mara, alikuwa amekaa kwenye kiti cha sofa juu ya mwamba. Ilijulikana kwamba mlo ukienda vizuri, Renatus atapewa kanda nzima.

Renatus alisimama kifua mbele, akaitazama nyumba iliyokuwa imewapa mgongo. Hakuitambua, na hakuwa na sababu ya kuitambua. Mkwe mwenye adabu hapiti nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake. Nyumba ile aliijua kwa mbele tu: alisalimia kutoka getini akiangalia chini, na chakula alipelekewa kwenye banda la wanaume wakati mama mkwe ameshaenda shambani. Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani wakila. Wala si ugomvi, ni heshima.

"Sasa," mshereheshaji alitangaza, "Mwonjaji Mkuu atakula uso kwa uso na mwenye mwamba, Mama Sabina!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama Sabina alitoka na sinia la ugali unaofuka moshi, akainua macho, akatoa sauti kama aliyekanyaga kaa la moto. Alitua sinia chini, akavuta kanga usoni, akageuka. Alipogeuka, Mwonjaji Mkuu alikuwa ameshajificha nyuma ya bango la ASILI YETU, FAHARI YETU. Viatu vyake tu ndivyo vilivyobaki kwenye sherehe.

"Katibu," Mgeni Rasmi aliliuliza bango, "kuna nini?"

"Huyo ni mama mkwe wangu, mheshimiwa."

"Hongera. Njoo ule."

"Haiwezekani."

"Hupendi chakula chake?"

"Nakipenda mno, mheshimiwa. Ndicho kilichonijenga."

Mama Sabina aliinamia nguzo ya hema, akaongea nayo kwa heshima zote. "Wewe nguzo, mwambie huyo mtu wa ofisi kwamba mimi naingia ndani. Halafu muulize, sheria ya kumtumbulia macho mkwe wako akitafuna aliitoa wapi."

"Nguzo," likasema bango, "mwambie mama shikamoo."

Mgeni Rasmi aliagiza kanuni ibadilishwe. Akakumbushwa kanuni ya mwisho. "Nani aliandika huu upuuzi?" aliuliza. Viatu vilisogea kidogo.

"Kanuni inamtaka Mwonjaji Mkuu," Faustine alisema. "Haikusema lazima awe bosi. Tafuteni asiye mkwe wa mtu hapa."

Wanawake wa Kiriba walicheka. "Wanaume wote hapa ni wakwe, mpaka huyo mwenye kinanda!"

Ikabidi atafutwe mwanamke, na asiwe wa Kiriba, kwa sababu ya upendeleo. Rhobi alikuwepo. Alikuja kutoka Musoma na sufuria yake, akijaribu kuwauzia wageni chakula kisicho na jina. Mkono ukatoka nyuma ya bango na beji ya Mwonjaji Mkuu, Rhobi akaivaa, akakaa goti kwa goti na Mama Sabina, akala mpaka tonge la mwisho. Alilamba na vidole, ingawa kanuni haikudai.

"Una asili?" Mgeni Rasmi aliuliza.

"Unayo, tena ya kutosha."

"Mpaka wake uko wapi?"

Rhobi aliufikiria ubao wake. "Unaanzia Bunda kule Guta, mheshimiwa, unapita Butiama, unakuja hapa Kiriba, halafu unaenda kuishia sokoni Musoma, kwenye kibanda changu."

"Una uhakika?"

"Haukatiwi rufaa."

Rhobi yuko kwenye cheo hicho hadi leo, maana Renatus hakuweka njia ya kumwondoa Mwonjaji Mkuu. Hakuona haja.

Kiriba ilipata sifa, na sifa ikamaliza udaga. Mama Sabina sasa anaupeleka wote kwa Rhobi, hata ule wa Helena. Baada ya kula wali kwa siku nyingi, Renatus alisalimu amri, akaenda sokoni. Ubao uliandikwa UGALI WA UDAGA kwa herufi nene, na juu ya jiko kilitundikwa cheti chenye sahihi yake.

"Karibu, Katibu! Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kula, mama."

"Ee, pole. Zunguka nyuma, pale kwenye mapipa. Mama Sabina kaleta mzigo, yuko hapa ndani anapumzika. Leo analala hapa."

Renatus alizunguka. Alikalia ndoo, uso ukutani, suti imekunjwa magotini, na sahani ikamfikia kupitia kwa Faustine, ambaye alikuwa anakula ndani kwa raha zake. Muda si mrefu Faustine akachungulia tena.

"Bosi, mama ameiuliza nguzo ya kibanda kama umeshiba."

Renatus alimeza kwanza, kwa heshima.

"Iambie nguzo," alisema, "niongezewe."