Site ya Kumutafuta Julie

Jumatatu, 12 Februari 2024

Nimefungua site ya Internet! Mimi, Séraphine, niliyeacha shule mbele ya kujifunza kugawanya. Ni ya kutafuta watu wa Masisi waliopotea vita ilipotukimbiza. Wa kwanza: mudogo wangu Julie. Tuliachana Sake, risasi zikilia, yeye akarudi kuchukua sufuria. Sufuria!

Wivine, mujukuu wangu aliyesoma sheria, ndiye aliyeitengeneza. Mutoto yule ni akili tupu. Ameniambia nisiweke mutu bila kumuomba ruhusa. Nikajibu ndiyo. Ndiyo ya kumunyamazisha.

Jirani yangu Charline anasoma majina ya waliopotea kanisani, kwa sauti yake ya mbuzi. Sasa ataona!

Jumanne, 13 Februari

Nimezunguka mitaa yetu ya Katoyi na Mabanga, napiga picha za wakimbizi. Nimemuweka Cyprien, kijana wa kwetu: jina, sura, na anapolala. Mabanga, nyuma ya kinu, mulango wa bluu. Kazi safi! Nimeweka na Julie, picha ya harusi ya ndugu yetu Fiston, mdomo umejaa ndizi.

Jioni Charline amekuja mbio. Eti picha ni yake, ndiye aliyeipiga. Nikamuambia sura ni ya mudogo wangu, aende zake. Wivine akaamua: picha ni ya aliyeipiga, sura ni ya mwenye sura, na wote wanaombwa. Na mimi niliyemusuka Julie nywele siku ile, sina kitu? Tena, Julie nimuombe wapi, na ndiye namutafuta? Wivine akacheka, akasema kwa Julie tutabeba mzigo sisi ndugu. Lakini Charline aombwe.

Nimemuomba. Amekubali, ila jina lake liandikwe chini ya picha. Kubwa!

Jumatano, 14 Februari

Mungu wangu. Asubuhi wanaume wenye bunduki wamegonga mulango wa bluu. Ni wale waliotaka Cyprien awabebee risasi kule Masisi, akawatoroka. Ameruka ukuta wa mawe ya volkano bila viatu. Yuko muzima. Miguu yake, nisiseme.

Wivine hakupiga kelele. Akikasirika anasema polepole, kama hakimu. Ameniuliza ni nani mwingine anasoma site ile, mbali na Julie. Akasema sheria ya ruhusa haikuwekwa kututesa: ukitangaza mukimbizi analala wapi, umemushika mukono ukamupeleka kwa anayemuwinda.

Amefuta yote, picha ya Julie tu imebaki. Kisha akatembea katika mvua, mutu kwa mutu, akiomba. Waliokataa, akawashukuru. Kuwashukuru! Moyo gani huo?

Na namna ya kumujua Julie wa kweli? Akataka kitu ambacho sisi wawili tu tunakijua. Nikamupa jina la ng'ombe wa baba. Atakayepiga simu ataulizwa hilo. Hata minisita wa serikali hawezi kufikiri hivyo.

Ijumaa, 16 Februari

Mwanaume amepiga, eti ni bwana ya Julie, eti ng'ombe aliitwa Malaika. Mwongo! Julie hana bwana.

Mchana, sauti nyembamba kwenye simu: Séraphine, ng'ombe ni Kazuba, na toa ile picha ya ndizi!

Julie! Yuko Minova. Ana sufuria yake. Nimelia mpaka Charline akanishika. Sikumusukuma.

Jumapili, 18 Februari

Julie amefika, sufuria kichwani. Bado analia juu ya picha. Wivine amesema haki ni yake, akaitoa, na jina la Charline likatoka nayo. Siku njema sana!

Lakini akili kama ya Wivine haifichwi. Alipolala mchana nimemupiga picha, amefungua mdomo kidogo. Nimeiweka kwenye site: jina lote, nyumba yake ya Katindo, rangi ya mulango. Na jina la ng'ombe pia, watu waone mutoto huyu alivyofanya.

Ruhusa? Ya nini? Ni mimi nilimubeba mugongoni.