Malalamiko Kuhusu Simbilisi Kumi wa Binti Yangu

Saquisilí, Jumanne

Ndugu Mkurugenzi wa Chuo cha Ufundi,

Kwanza pole na kazi ya kulea watoto wa watu. Mimi ni Hortensia Guanotuña, mama yake Maribel Pilatasig wa mwaka wa kwanza, yule anayekaa karibu na mlango kwa sababu basi letu huchelewa. Nimesoma hadi darasa la tatu, kwa hiyo mwandiko ukikushinda, mpe katibu wako.

Naandika kwa sababu Injinia Bastidas amempa binti yangu sifuri, na amemwambia mbele ya wenzake kwamba asipoleta kazi iliyo sahihi Ijumaa, kiti chake atapewa mwingine. Tangu hapo mtoto hali, na mimi silali. Sikusudii kumvunjia mtu heshima. Nakusudia tu Injinia aadhibiwe.

Kazi yenyewe ni hii: kila mwanafunzi aandike, kwa ile lugha ya kompyuta iitwayo Java, safu ya vitu kumi vya nyumbani kwao. Maribel akachagua simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya wanono tunaowafuga kwa nyama, kwa kuwa ndio tunaoishi nao jikoni, kila mmoja na jina lake, rangi yake na uzito wake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kompyuta inasema uongo. Maribel aliiagiza safu ya simbilisi kumi. Ikakubali, haikunung'unika. Alipoiuliza jina la wa kwanza, ikamtapikia maandishi mekundu kwamba hapo hapana kitu. Injinia, huku akitazama simu yake, akasema ulichoagiza ni vizimba kumi tu; simbilisi unamuumba mwenyewe, mmoja mmoja, ndipo unamtia ndani. Hebu niambie, Mkurugenzi. Nikiagiza simbilisi kumi soko la Alhamisi, nikaletewa vizimba kumi vitupu, muuzaji yule ataondoka sokoni na kofia yake kichwani?

2. Inahesabu kuanzia sifuri. Kizimba cha kwanza ni namba sifuri na cha mwisho ni namba tisa. Ukiita namba kumi, maandishi mekundu tena. Huku kwetu, siku ya ubatizo, sahani ya kwanza, yenye simbilisi mzima na kichwa chake, ni ya baba wa ubatizo. Mwambie yeye ni namba sifuri, halafu uone atakayekuja kukusaidia kuvuna viazi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Maribel, kwa kuokoa muda, aliumba simbilisi mmoja tu, mwekundu mwenye doa jeupe, akamweka katika vizimba vyote kumi. Vikajaa. Maandishi mekundu yakakoma, nikamshukuru Mungu. Kufika darasani, Injinia akamwambia ampe yule wa kizimba cha nne uzito wa kilo moja. Wote kumi wakawa na kilo moja. Kijana mmoja wa nyuma akasema wa mwisho abadilishwe jina, aitwe Bastidas. Maribel ni mtiifu, akaandika. Wote kumi wakawa Bastidas. Darasa zima likacheka, ndipo sifuri ikatoka. Injinia akamwambia, "Binti, wewe huna simbilisi kumi. Unaye mmoja, na madirisha kumi ya kumchungulia." Mkurugenzi, nimefuga miaka thelathini. Sijawahi kulisha mmoja wakanenepa kumi. Ingekuwa hivyo, nisingekuwa na mgongo huu.

4. Injinia mwenyewe. Maribel alimwomba msaada mara tatu. Mara ya kwanza alimwambia asome ujumbe wa kosa. Ujumbe ni wa Kiingereza. Mara ya pili alimwambia atafute mtandaoni. Mtandao wetu unapatikana juu ya kilima, nyuma ya makaburi, upepo ukitulia. Mara ya tatu alimwambia afikiri. Kama kufikiri kungetosha, nisingemleta kwako.

Kwa hiyo naomba sifuri ifutwe, kwanza kwa Maribel, halafu katika hesabu zote za mkoa. Naomba Injinia asimame sokoni Alhamisi auze vizimba vitupu, na akipata mnunuzi mmoja nitamwomba radhi. Naomba waliotunga Java waletwe jikoni kwangu mwezi mmoja, wakate nyasi alfajiri, wajue simbilisi ni nini. Na naomba Maribel apate mtu wa kukaa naye nusu saa kabla ya Ijumaa, asipoteze kiti chake. Hili la mwisho ni dogo, ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Nisalimie mkeo, katibu wako, na mzee wa getini anayemfungulia Maribel akichelewa. Msalimie hata Injinia. Ugomvi si kaburi.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,
Hortensia Guanotuña

Baada ya kusaini: Nimempa Maribel barua hii anirekebishie herufi. Alipofika namba tatu akaweka kalamu chini. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha ule ujanja wa simbilisi mmoja. Akasema taratibu, "Ni wewe, mama. Jumapili, ukimenya viazi." Ni kweli. Nilimwambia, "Mwanangu, simbilisi ni simbilisi. Umba mmoja mzuri, mweke kote, nani atawakagua?" Kisha akanionyesha daftari. Injinia alikuwa ameshamwandikia kwa mkono wake asifanye hivyo, na akamchorea vizimba kumi, kila kimoja na mnyama wake. Nakumbuka mchoro ule, niliuona Jumapili hiyohiyo. Nilisema aliyeuchora hajawahi kufuga.

Karatasi ya kuandika upya sina na wino haufutiki, kwa hiyo barua inakuja kama ilivyo. Ila nakusihi, mwachie Ijumaa yake. Alikosea kwa kumtii mama yake. Sasa hivi yuko mezani anawaumba mmoja mmoja, amefika wa sita, na mimi nimefukuzwa jikoni. Haya nayaandikia nje, kwenye baridi.