Kuku wa Shangazi na Barafu Yake

Alhamisi, 14 Agosti

Shangazi Mariette anakuja Jumapili. Ni dada ya papa yangu, muuguzi huko Beni, commune ya Ruwenzori. Atachukua msichana mmoja akae kwake na kusoma uuguzi. Mmoja tu: mimi au binamu yangu Jemima. Tumemaliza shule pamoja. Mimi nilipata asilimia sitini na moja. Jemima ana hamsini na nne, na mdomo.

Tangu utoto nataka kuwa muuguzi. Jemima anataka tu Beni.

Kuku ametangulia na gari. Kuku wa frigo, mgumu kama jiwe la mto. Shangazi amesema kwa simu kwamba mimi nitampika, Jemima atapika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nimeelewa: ni mtihani.

Maagizo yake: kesho kuku atoke kwenye congélateur, kule juu kwenye barafu, ashuke chini kabisa ya frigo, ndani ya bakuli, maji yake yasidondokee chakula kingine. Ayeyuke polepole hadi Jumapili. Asiachwe mezani. Asianikwe juani. Asitiwe maji ya moto. Nje hupata joto na vijidudu vinaamka, kumbe ndani bado barafu. Kama muda umebana, maji baridi, yabadilishwe kila nusu saa, kisha apikwe papo hapo.

Nimeandika yote. Nimepiga mstari mara mbili.

Sisi hatuna frigo. Kuku amelala kwa Maman Bénite, jirani yetu hapa Kimemi, anayeuza sucré, soda za baridi. Kesho nitamwomba amshushe. Ni neno moja tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda mara tatu.

Ya kwanza, wanaume wawili walikuwa kwenye benchi. Nikarudi. Ya pili, alikuwepo Paulin, kijana wa chorale ya kanisani. Nikanunua sucré nisiyoitaka nikainywa nikiangalia ukuta. Ya tatu, Maman Bénite akauliza: «Weye Kavugho, unatafuta nini?» Nikasema nimekuja kumsalimia. Akajibu kwamba hata mapadri hawamsalimii mara tatu kwa siku.

Kuku bado yuko juu, kwenye barafu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepata mbinu. Barua! Nimeandika: «Kwa heshima zote, Maman, naomba kuku wetu ashuke chini ya frigo, ndani ya bakuli.» Nimeinakili mara mbili, bila kosa hata moja. Nimeipitisha chini ya mlango wake na kukimbia.

Jemima akapita kutuambia sombe yake imekwisha kutwangwa. Akauliza habari za kuku. Nikasema anaendelea vizuri, kama mgonjwa.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Saa kumi na mbili asubuhi Maman Bénite alibisha hodi. Mkono mmoja kuku, mwingine barua yangu. Kuna kilio kwa ndugu zake Oicha, anafunga duka. Miwani yake imevunjika; akaniomba nimsomee barua. Mama alikuwa amesimama pale pale. Nikasema ni salamu. Akasema salamu zangu zimekuwa nyingi.

Kuku alikuwa jiwe. Misa saa moja. Shangazi saa sita. Maji baridi yangefaa, lakini ningelazimika kumwambia mama kwa nini ninakosa misa. Nikafikiri. Shangazi alikataza meza, jua na maji ya moto. Mgongo hakuutaja.

Nikamfunga kwenye sachet mbili za plastiki, nikambeba mgongoni kama mtoto kwa kikwembe, kitenge cha mama, nikatangulia kanisani peke yangu.

Baridi iliingia hadi kwenye mbavu. Mlangoni Maman Hulda, mkubwa wa akina mama wa parokia, akauliza: «Mutoto wa nani?» Nikasema wa jirani. Akasema huyu ananyamaza vizuri, si kama wa siku hizi. Ndani benchi zilikuwa zimejaa. Paulin akasimama mbele ya watu wote na kunipa nafasi yake, kwa sababu ya mtoto. Nilitamani sakafu ifunguke.

Kwenye mahubiri maji yakaanza kunitiririka miguuni. Maman Hulda akaninong'oneza kwamba mtoto amekojoa. Nikasema asante. Akanyoosha mkono kumpapasa mgongoni. Mkono ukaganda hapo hapo. Kisha akasema, na si kwa kunong'ona: «Ule mutoto iko baridi! Muuguzi iko wapi?»

Muuguzi alikuwa benchi ya tatu. Shangazi Mariette alikuwa amefika mapema, akaja misa kwanza.

Alinitoa nje, akina mama saba nyuma yetu. Akafungua kikwembe mwenyewe, kwa mikono ya kazi. Maman Hulda akasema Mungu asifiwe, huyu hana haja ya ubatizo.

Shangazi hakucheka. Alimbonyeza kuku: ngozi laini na vuguvugu, ndani jiwe. Akasema ndicho alichonieleza kwa simu. Akasema huyu haliwi, na tulipofika kwetu akamfukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Tumekula bugali na sombe. Jemima alisifiwa mara nne. Nimehesabu.

Jumatatu, 18 Agosti

Kabla ya kuondoka Shangazi aliniuliza kwa nini sikumwomba Maman Bénite. Nikasema nilikuwa na haya. Akasema vijidudu anavijua, havimtishi. Anayemtisha ni muuguzi mwenye haya ya kuuliza, maana huyo ataua mtu. Nililia. Akasema atatuma kuku mwingine Alhamisi na atarudi Jumapili. Hatazami upishi. Anataka tu kusikia kwamba nilifungua mdomo. La sivyo, Jemima afunge valisi aende Beni.

Nimeapa.

Alhamisi, 21 Agosti

Kuku amefika, yuko kwa Maman Bénite, ambaye amerudi kutoka Oicha. Nilikwenda mara moja, moyo thabiti. Kwenye benchi: Paulin, na Maman Hulda. Paulin akauliza kwa upole mtoto anaendeleaje.

Badala ya kuomba kuku ashushwe, nikasema nimekuja kumchukua. Basi, nimefungua mdomo.

Sasa yuko hapa mbele yangu, jiwe. Nimesoma upya daftari: meza, jua, maji ya moto. Nimeongeza mgongo, nikapiga mstari mara mbili.

Nyuma ya jiko, kuku wetu wa kienyeji ameanza kuatamia. Mayai tisa; la kumi litakuwa hili jiwe langu. Ana joto la kutosha, na yeye hatauliza kitu.