Mfanyakazi Hewa Adai Kiinua Mgongo

Mtu anayetoka Ofisi ya Uhamiaji ya Santo Domingo akiwa amevurugika huwa amekosa kitu kimoja kati ya viwili: fedha au karatasi. Eleuterio Bencosme, aliyesimama nje ya geti kila asubuhi na tai shingoni na faili kwapani, hakujishughulisha na waliokosa fedha. Waliokosa karatasi aliwaita wateja.

Watu walimwita Msomi. Alisomea sheria mihula mitatu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mihula iliyobaki, yeye naye hakuona sababu ya kuitaja.

Asubuhi moja ya Januari alimwona mwanamke mnene, ananukia mafuta ya kukaangia, akitoka huku anamtukana askari wa getini, mama yake askari, na bati la nyumba ya huyo mama. Halii, Msomi aliwaza, na mkoba wake una zipu mbili. Huyu fedha anazo.

"Malkia wangu," alimwambia, "wamekunyima nini?"

"Mume."

Aliitwa Yokasta Peguero. Mumewe, Wisler, alikuwa Mhaiti, fundi lipu. Nusu ya maghorofa mapya ya mji yalipigwa lipu na watu kama yeye, na lipu ikishakauka, lori la uhamiaji hupita kuwazoa. Novemba iliyotangulia lilimzoa Wisler na mwiko mkononi, likamshusha mpakani. Yokasta alimrudisha kwa njia zisizo na risiti. Sasa alikuwa amemwombea ukaazi kwa haki ya ndoa, na sheria ilimtaka yeye, mdhamini, athibitishe kwamba ana uwezo wa kumlisha.

"Nimewaambia nakaanga yanikeke, mikate mia tatu kwa siku. Karani ananiuliza, hati ya mshahara iko wapi? Nikamwambia, baba, mume wangu ana kilo tisini na tano. Unataka hati gani zaidi ya hiyo?"

"Serikali haina mizani, malkia. Ina mihuri. Njoo tunywe kahawa."

Msomi alikuwa na kampuni. Uwekezaji Bencosme ilikuwa imesajiliwa kihalali, kwa sababu makarani wa uhamiaji walikuwa na tabia mbaya ya kuangalia namba ya kodi kwenye kompyuta. Mtaji wake ulikuwa nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake. Haikununua kitu wala kuuza kitu. Ilichozalisha ni waajiriwa.

"Peso elfu kumi na tano," alisema Msomi, "na wewe ni karani wa mauzo."

"Karani? Kwa uso huu?"

"Nilijua tu. Naibu meneja, elfu ishirini. Mshahara elfu sitini kwa mwezi. Ila mtu aliyeajiriwa jana hunuka jana. Ongeza elfu tano, nakupa miaka miwili kazini."

"Na nilikuwa nafanya kazi vizuri?"

"Sifa ni elfu mbili."

"Ziweke."

Akaziweka. Barua ilieleza kwamba Bi Peguero ni mtumishi hodari, hajawahi kuchelewa wala kukosa kazini hata siku moja. Mkurugenzi alitia sahihi mbele ya mthibitishaji hati, ambaye alikuwa wa kweli na alilipwa kweli. Uhamiaji walipopiga simu kuuliza, Msomi alipokea kwa sauti ya katibu, akawaomba wasubiri, kisha akajipokeza kwa sauti ya mkurugenzi.

Mwezi Machi kitambulisho kilitoka. Wisler alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akapita mbele ya lori mara mbili. Mara ya pili bila sababu yoyote. Yokasta naye alikuwa ameona kwamba foleni ya uhamiaji ina njaa kuliko mtaa wake, akahamishia karai lake hapo getini.

Mjanja mwenye kiasi angeishia hapo. Lakini kitambulisho ni cha mwaka mmoja, na kila mwaka mdhamini hupimwa upya. Ilipofika Desemba Msomi alikuwa na waajiriwa kumi na wawili, na alikuwa na hamu ya kula sikukuu vizuri. Aliandika barua moja, akaitoa nakala kumi na mbili, kila moja na jina lake, sahihi na mhuri. Ya Yokasta aliipeleka mwenyewe.

"Nini hiki, Msomi?"

"Umefukuzwa kazi."

Yokasta aligeuza mkate kwenye karai. "Kazi ipi?"

"Unaijua. Ijumaa nakala inakwenda humo ndani. Mdhamini asiye na kazi si mdhamini, na mume asiye na mdhamini ni abiria wa lori. Nipe elfu arobaini, nakurudisha kazini."

Yokasta aliisoma barua hadi mwisho. Mkate ukaungua, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona.

"Sahihi ni yako?" aliuliza hatimaye.

"Na mhuri," alisema Msomi, kwa fahari.

"Basi nipe mpaka Ijumaa."

Hapo ndipo elimu ya mihula mitatu ilipomsaliti. Katika nchi ile mtu anaweza kusahau siku aliyozaliwa mkewe, lakini hasahau kwamba Desemba mwajiriwa hulipwa mshahara mara mbili, na kwamba anayefukuzwa bila kosa haondoki mikono mitupu. Yokasta hakwenda kukopa elfu arobaini. Alikwenda Ofisi ya Kazi na barua zake mbili, ya sifa na ya kufukuzwa. Karani aligonga mashine ya hesabu: notisi, kiinua mgongo cha karibu miaka mitatu, likizo, malipo ya Desemba. Ikaja karibu laki tatu. Mwajiri akichelewa kulipa, kila siku ingeongeza mshahara wa siku.

Alhamisi Msomi aliitwa kwenye usuluhishi. Msuluhishi, Bi Nurys, alikuwa mama wa miwani mikubwa, asiyependa kelele.

"Mwanamke huyu hajawahi kukanyaga ofisini kwangu!" Msomi alianza.

Bi Nurys akasoma: "'Hajawahi kukosa kazini hata siku moja.' Sahihi ya nani hii?"

"Ile ilikuwa barua ya… kumsaidia."

"Unaniambia ni ya uongo? Sema kwa sauti, karani aandike."

Msomi aliinama kwa Yokasta, akanong'ona: "Nikisema ukweli, kesho mumeo yuko mpakani."

"Na wewe utakuwa wapi? Sema, baba. Twende wote."

Msomi alijaribu kukumbuka muhula wa pili. Kughushi hati, mbele ya mthibitishaji, kwa kuidanganya serikali. Alikumbuka vya kutosha.

"Si ya uongo," alisema.

"Kwa hiyo alifanya kazi."

"Kwa bidii."

"Basi mlipe."

"Kampuni haina fedha, mama."

"Ina nyumba," alisema Yokasta.

Msomi alitia sahihi ya kuiweka rehani nyumba ya marehemu mama yake ili amlipe. Yokasta alikunja nakala yake, akaitia mkobani, akafunga zipu zote mbili.

"Laki tatu hizi zinakwenda benki," alimwambia. "Januari nawapelekea uhamiaji hati ya benki. Kilo tisini na tano walizikataa, tuone kama hizi watazikataa."

"Umeniibia, mwanamke."

"Mimi? Mimi nilikuwa nafanya kazi kwako, tena kwa bidii. Na ukiwa na njaa ya kufukuza watu, usiwafukuze wanaokula mkate wa karai moja."

Msomi hakumwelewa mpaka alipofungua mlango. Kwenye benchi refu la ukumbini walikaa watu kumi na mmoja, kila mmoja na barua yake mapajani. Wakasimama wote pamoja.

"Bosi," alisema wa kwanza kwa adabu, "tumekuja kuhusu Desemba."

Ulikuwa mkutano wa kwanza wa watumishi wote wa Uwekezaji Bencosme tangu kampuni ianzishwe. Hakuna aliyechelewa.