Malkia Aliyepakwa Mafuta

Jumatatu, 1 Machi 1937. Kinondoni.

Siku ya kwanza ya kazi ya uyaya kwa Bibi Morita, mke wa Mjapani mwuza vitambaa. Nusura nipige yowe! Jioni wamewasha moto chini ya pipa la maji uani, kisha Bibi akamtia Kenji ndani. Mtoto wa miaka miwili! Nikamkimbilia Polikarpo mpishi, nikamnong'oneza kwamba wanampika mtoto. Akacheka mpaka akaangusha mwiko. Kumbe ndivyo wanavyooga. Ameniita Bibi Mwalimu mpaka naondoka. Simpendi.

Nyumbani, mshtuko mwingine. Shangazi Mwanakombo kasema Marijani fundi baiskeli kaleta posa. Marijani! Mtu anayeuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Mie nataka kusomea ualimu. Nilikusudia kumwambia shangazi hivyo, kwa heshima lakini kwa uthabiti. Nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Jumatano, 3 Machi.

Leo kwa Bibi ni sikukuu ya wasichana. Sebuleni kuna ngazi iliyofunikwa kitambaa chekundu, na juu yake wanasesere wamekaa kimya kama watu wanaongoja kuitwa na hakimu. Juu kabisa mfalme na malkia. Hana, binti wa nyumba, ana miaka mitano na haruhusiwi hata kuwagusa. Wanasesere wasiochezewa! Nikauliza sababu. Bibi akanieleza kwa Kiswahili chake cha vipande vipande: kesho lazima warudi sandukuni upesi. Wakikawia nje, binti atachelewa kuolewa.

Nikamwomba arudie. Atachelewa kuolewa!

Hapo Polikarpo, kimbelembele yule niliyemropokea jana habari za Marijani, akamwambia Bibi kwamba na mie nimeposwa. Bibi akanishika mikono yote miwili kwa furaha. Kasema basi atawafungasha alfajiri, kwa ajili ya Hana na kwa ajili yangu. Balaa gani hili! Ilibidi nitende jambo. Nimetoka na malkia ndani ya kanga. Sasa yupo juu ya kasha langu, wazi kabisa, na atakaa hapo mpaka nipate cheti cha ualimu. Nimemwazima tu.

Alhamisi, 4 Machi.

Sikumfikiria Hana! Bibi kakuta malkia hayupo, akaketi sakafuni na kulia kwamba binti yake hataolewa. Kisha akamwuliza Hana. Hana akasema hajamgusa. Hakuaminiwa. Kapigishwa magoti kuukabili ukuta, machozi yanadondoka bila sauti. Akageuka akanitazama mie. Nikafungua mdomo niseme kweli. Nikasema nakwenda kuanua nguo.

Kesho namrudisha malkia. Nimeapa.

Ijumaa, 5 Machi.

Sikumrudisha. Alfajiri nilipokwenda kumchukua nimemkuta mapajani mwa shangazi, anang'aa! Kampaka mafuta ya mbarika, nywele, uso, hadi hariri. Mungu wangu! Kwetu Wazaramo mwali akiwekwa ndani hupewa mwana hiti, mtoto wa mti, amtunze na kumpaka mafuta mpaka siku ya kutolewa akaolewe. Mie sikuwekwa ndani kwa sababu ya shule. Shangazi kaniambia, "Kumbe umejitafutia mwenyewe! Na huku unajifanya bubu!"

Nikasema huyu ni wa Kijapani. Akasema mwana hiti ni mwana hiti, tena huyu kanenepa, dalili njema. Majirani wakapiga vigelegele. Marijani kapelekewa habari. Nasikia alijiuliza kama amefurahi, akajijibu kwamba sana. Harusi baada ya Maulidi! Malkia kalazwa kwa shangazi, mlango umefungwa.

Jumamosi, 6 Machi.

Shangazi kanifuata kazini kumshukuru Bibi kwa kunipa mwana hiti, malkia kambeba mgongoni kwa kanga. Nikajificha nyuma ya pipa. Bibi alipomwona malkia akapiga ukelele. Shangazi akadhani ni kigelegele, akamwitikia. Bibi akamnusa malkia. Akaja mpaka kwenye pipa, akanitazama.

Nikasema ni mie, si Hana. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Nikangoja kufukuzwa.

Polikarpo akamfafanulia Bibi kwamba mafuta yale ni ya kumwoza binti.  Bibi akauliza, anaolewa haraka? Shangazi akasema, "Haraka? Mama, hata nguo hatujashona!" Bibi akainama. Shangazi akainama zaidi. Bibi akashuka mpaka sakafuni. Kisha, sitasahau, akaenda kumtoa mfalme sandukuni, akamwomba shangazi ampake na yeye kidogo, kwa ajili ya Hana!

Sikufukuzwa. Malkia karudi sandukuni pamoja na mfalme. Hana kapewa pipi mbili, akanitolea ulimi. Haki yake.

Jumapili, 7 Machi.

Nimefikiri sana, kwa utulivu, kama tulivyofundishwa shuleni. Kosa langu limeonekana. Nilimchukua mke! Malkia akiwa kwangu, lazima mume amfuate. Ilinipasa kumchukua mfalme. Mume asipokuwepo, Marijani atapitia wapi?

Ufunguo wa sanduku upo juu ya kabati, nyuma ya birika. Kesho Bibi anakwenda sokoni.