Kisia Upate Kilo ya Mishabbaki

Jumamosi, 1 Ramadhani
Leo nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huwa nazo. Mimi ni Fikri, umri miaka kumi na tisa, mtunzi wa riwaya, mkazi wa Dumyat. Mchana napiga msasa miguu ya viti katika karakana ya fundi wangu, Usta Mitwalli, lakini hiyo ni kwa muda tu.
Riwaya yangu inaitwa Mauaji katika Kiwanda cha Jibini. Sura arobaini na moja. Nimeichapisha mwenyewe mtandaoni, bila kumbembeleza mtu. Imepakuliwa mara tatu. Mbili ni mimi, nikijaribu kama inafunguka. Aliyepakua ya tatu simjui. Nina hakika ni mchapishaji mkubwa wa Beirut. Anapima.
Tatizo liko kwenye kundi letu, Kalamu Bila Lango. Wanachama elfu mbili na mia tatu, wote wamejichapishia vitabu. Kila mtu anaandika. Hakuna anayesoma. Ni soko lililojaa wauza vitunguu, na kila mmoja ana vitunguu vyake.
Dawa nimeipata. Ramadhani ni mwezi wa mafumbo, hata mtoto anajua. Redioni, kwenye televisheni, kila siku fumbo moja mpaka thelathini. Nami nitawatolea fumbo kila siku. Wakionja, watataka kitabu kizima.
Fumbo la kwanza: kisia, nani alimuua bwana wa jibini?

Jumapili, 2 Ramadhani
Majibu mawili.
La kwanza kutoka kwa Nagwan wa Tanta, yule mwenye hadithi za mapenzi na maoni mia nne kila akibadilisha rangi ya jalada. Kaniita ustadh. Kasema aliyeua ni mwandishi, tena kwa sarufi. Watu sitini wakacheka naye.
La pili la mtu anayejiita Abu Qirdani, picha yake ndege mweupe amesimama kwenye majani. Kajibu: mhasibu. Sawasawa kabisa. Kisha kaongeza kwamba hata hivyo mhasibu alivunjika mkono sura ya sita, na pipa la jibini halisukumwi kwa mkono mmoja.
Nimekwenda kuangalia sura ya sita. Kavunjika kweli. Nilisahau.
Huyu mtu kanichukiza.

Jumatano, 5 Ramadhani
Nimegundua siri. Watu hawataki kukisia kitabu, kwa sababu itabidi wakisome. Wanataka picha.
Nimeshika simu karibu sana na mguu wa kiti, pale kwenye nakshi, nikapiga. Kisia hiki ni nini. Zawadi: kilo ya mishabbaki, vile vitamu vya Dumyat, iliyosokotwa vizuri, inayodondoka shira.
Maoni sabini na nne! Jino la ngamia. Sikio la shangazi wa mtu. Mwanamke mmoja wa Asyut kaapa ni kiazi. Nimekaa kwenye vumbi la mbao nikisoma moja moja, hata msasa umenianguka. Usta Mitwalli kaniambia kwa upole kwamba kiti hakijipigi msasa chenyewe, mwanangu. Naye alikuwa na simu mkononi, miwani yake imefungwa kamba, anabonyeza kwa kidole kimoja kama anayepigilia msumari. Wazee na simu, masikitiko.
Aliyepatia ni mmoja tu. Abu Qirdani. Kasema ni mguu wa nyuma wa kiti cha kulia chakula, mti wa zani, nakshi ina haraka.
Nakshi ina haraka! Ile nakshi nimechonga mimi.
Kitabu: bado mara tatu.

Jumapili, 9 Ramadhani
Abu Qirdani kapatia chungu cha gundi. Kapatia brashi ya vanishi. Jana nilipiga picha ya vumbi tupu, vumbi tu, naye kasema vumbi la randa, si la msumeno.
Kila mara anaongeza neno la kitabu. Leo kasema mlinzi wangu ni kiziwi sura ya kumi na mbili, lakini sura ya kumi na tisa anaitikia simu.
Nimewaza sana. Kitabu wamekisoma watu wawili duniani: mimi na mchapishaji wa Beirut. Mtu wa Beirut hawezi kuijua randa yetu. Kwa hiyo Abu Qirdani ni jasusi wa Nagwan, na ameweka kamera humu karakanani.
Nimeitafuta kwa ufagio toka adhuhuri mpaka alasiri. Darini, nyuma ya mbao, ndani ya debe la misumari. Usta kauliza natafuta nini. Nikamwambia usafi ni nusu ya imani. Kafurahi sana. Kasema marehemu mkewe, Bi Atiyyat, angenipenda.
Mama kapiga simu kutoka Jeddah. Dada kajifungua salama, Mama atabaki naye huko mpaka baada ya Sikukuu. Kauliza nafuturu na nani. Nikamwambia na watu elfu mbili na mia tatu.

Ijumaa, 14 Ramadhani
Leo nimeweka mtego. Fumbo lisilo na picha, ambalo kamera ya jasusi haiwezi kuliona: kisia, nani atafuturu na mwandishi tarehe ishirini na saba?
Mpango wangu ni huu. Kila mtu atataka kuwa yeye. Watabishana. Wataulizana mwandishi huyu ni nani hasa, na ndipo watakapopakua.
Walikisia kweli. Waziri. Paka. Njaa. Nagwan kasema: mhasibu, kama mkono umepona.
Kisha Abu Qirdani akaandika neno moja. Hakuna.
Nyuso za kucheka mia moja na arobaini. Nimezihesabu mara mbili, nikidhani nimekosea.
Nimemfungia. Palepale, kabla hajatia hata nukta. Haoni tena fumbo langu, wala jina langu, wala pua yangu. Ndege arudi shambani kwake.

Jumamosi, 15 Ramadhani
Mafumbo yanakwenda vizuri bila yule ndege. Maoni themanini, hakuna hata moja sahihi. Hivi ndivyo inavyotakiwa. Mishabbaki inabaki kwangu.
Usta Mitwalli asubuhi kaniletea simu yake, kaomba nimtazamie, maana kuna kitu alikuwa anakipata kila siku na leo hakipatikani. Nilikuwa na shughuli na mashabiki wangu. Nikamwambia simu ni kama watu, Usta, zikizeeka zinasahau. Kaitia mfukoni. Kachukua kalamu yake ya useremala nyuma ya sikio na daftari la vipimo, akaandika kitu. Vipimo vya kabati, nadhani.
Ajabu, mchana kutwa kila nikiinua simu kupiga picha, alikuwa ananitazama. Anaona wivu wa teknolojia.

Jumatano, 19 Ramadhani
Maoni mia na ishirini. Kitabu: mara tatu.
Nimeandika waziwazi kwamba jibu la fumbo la leo limo sura ya pili. Mwanamume mmoja wa Suez kaniuliza, kaka, kwani una kitabu?

Jumamosi, 22 Ramadhani
Nagwan kaiga. Kaweka fumbo lake: kisia rangi ya jalada jipya. Mia sita. Mia sita, kwa rangi!
Nimeandika maoni chini yake kwa jina la bandia, nikisema mafumbo ya Dumyat ndiyo asili. Kanijibu: asante sana ustadh Fikri. Sijui kajuaje.
Najikuta nasubiri neno la kitabu. Mtu wa kusema sura fulani mlango ulikuwa umefungwa, sura inayofuata mtu kaingia tu. Hakuna anayesema. Wanasema kiazi.

Alhamisi, 27 Ramadhani
Usta kaja leo na mfuko wa kamba, ndani kuna kitu kinajigeuza na kulalamika. Nikaupiga picha haraka. Kisia, ndani mna nini? Mtoto wa jirani, wakasema. Mama mkwe. Redio.
Wakati wa kufunga karakana, Usta alichelewachelewa. Kafagia pale nilipokwisha kufagia. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama leo nina pa kwenda kufuturu. Sikutaka anionee huruma, mtu wa jina kama mimi. Nikamwambia nimealikwa nyumba tatu, hata sijui niiudhi ipi. Kasema, Mungu akuzidishie wapenzi, mwanangu. Kanyanyua mfuko wake, kaenda zake taratibu, mfuko ukimpiga gotini.
Nimefuturu maharage na kitunguu, nimeegemeza simu kwenye glasi ya maji. Adhana ilipoanza, kundi zima likanyamaza. Dakika arobaini hakuna aliyeandika chochote. Walikuwa wanakula na watu wao.
Maharage yalikuwa mazuri tu. Chumvi kidogo.

Jumapili, 30 Ramadhani
Karakana imefungwa kwa Sikukuu. Usta Mitwalli kanipa bahasha ya kaki, ina stempu kabisa. Nikajua ni zawadi ya Idi, nikamshukuru kwa maneno marefu.
Kasema hapana, ni majibu. Zamani, yeye na Bi Atiyyat walisikiliza mafumbo ya redio mwezi mzima, wakaandika majibu yote thelathini, wakayapeleka posta mwisho wa mwezi kama ilivyo desturi. Miaka kumi na minane. Hawakushinda hata kitana. Alipoona mafumbo yangu kasema lo, yamerudi. Ila hajui anuani ya posta ya kundi letu, kwa hiyo ananipa mkononi. Stempu kaweka kwa adabu.
Nikaifungua nyumbani. Mistari thelathini, kwa kalamu ya useremala. Chini, sahihi: Abu Qirdani.
Nilikaa chini.
Kumi na tatu za mwanzo nazijua. Ya kumi na nne imeandikwa hivi: Hakuna, kwa hiyo uje kwangu. Nilikuwa sijamaliza kuandika, mwanangu, mlango ukafungwa. Kidole changu kizito.
Kutoka kumi na tano kuendelea, hakuwa ameliona fumbo hata moja. Kaandika kile alichoniona nikikipiga picha. Patasi. Kofia yangu. Bawaba ya kabati la bibi harusi. Yote sahihi. Na ubavuni mwa kila jibu, neno la kitabu. Kasoma mara mbili. Kasema muuaji hawezi kuwa mhasibu, ni mke wa mlinzi, kwa sababu ndiye peke yake aliyejua kwamba mlinzi anajifanya kiziwi. Nimeangalia. Ni kweli. Nimeandika kitabu kizima bila kumjua muuaji.
Ishirini na saba: Bata. Nilimpika. Nilikuacha kwa ajili ya zile nyumba tatu.
Thelathini: fumbo sijui, utaliweka kesho au keshokutwa. Jibu langu ni kahki, biskuti za ufuta, kama alivyozifanya Bi Atiyyat, ingawa zangu zimeungua pembeni. Sikukuu asubuhi, nyumbani kwangu. Njoo mapema.
Nimeisoma mpaka macho yakaniuma. Ndipo nikaelewa jambo zito. Aliyepakua mara ya tatu ni Usta Mitwalli. Mchapishaji wa Beirut hayupo. Hajawahi kuwepo.
Nimehuzunika jioni nzima. Maana yake sina msomaji hata mmoja. Nina Usta tu.

Jumatatu, 1 Shawwal, Sikukuu
Nimeamka alfajiri, nimeoga, nimevaa shati jeupe. Nimeswali. Nimenunua kilo ya mishabbaki nimpelekee Usta, maana kashinda, na mimi ni mtu wa haki.
Nikiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, nikapata wazo. Wazo kubwa kuliko yote. Nimeiweka bahasha mezani, nikaipiga picha, stempu ikionekana vizuri. Fumbo la thelathini, la kufunga mwezi: kisia, ndani ya bahasha hii mna nini?
Imelipuka. Maoni mia tatu kabla ya saa tatu asubuhi. Barua ya talaka. Viza. Hati ya nyumba. Mtu wa Suez kasema ni risiti ya kitabu changu, cha kwanza kuuzwa. Hata Nagwan kakisia. Kasema barua ya mapenzi, na hakuweka uso wa kucheka.
Nimejiambia mtu wa kwanza akipatia, nakwenda kwa Usta mbio.
Saa sita, mia nane. Hakuna aliyepatia. Nimempita Nagwan. Kiatu cha pili kiko hapa, nakiona.
Mishabbaki nimeonja moja, kuhakikisha ubora. Kisha nyingine.
Alasiri sasa. Watoto wa ghorofa ya chini wamekwisha kuvaa nguo mpya na kuzichafua. Elfu moja na mia moja. Kitabu: mara tatu. Usta kapita barabarani mara moja, polepole, kashika sahani iliyofunikwa kitambaa, katazama juu dirishani. Nikajibanza nyuma ya pazia. Asingeelewa kwamba niko kazini.
Nimefikiria kumfungulia Abu Qirdani mlango, maskini, aone alivyofanya kazi nzuri. Kidole kilishafika kwenye jina lake. Lakini yeye analijua jibu. Ningemwingiza, angepatia mara moja, na fumbo lingekwisha.